Mtu Aliyempa Bibi Yangu Mgongo

Wiki iliyopita niliinuka kwenye kochi langu, ndani ya sebule yangu, mbele ya runinga yangu mwenyewe, nikatoka nje kwa kuogopa. Naliandika jambo hili mimi mwenyewe kabla wanangu hawajalisambaza mtaa mzima.

Runinga yenyewe ni ile pana ya ukutani. Mafundi walikuja wakahangaika nayo, ikawa inainama upande mmoja, nikawaambia wakae pembeni wanywe chai, nikaifunga kwa mikono yangu hii. Mpaka leo haijainama hata unywele. Basi jioni hiyo watoto walikuwa wanaangalia tamthilia, hizi za siku hizi za giza, ambazo hata mchana wake unafanana na magharibi. Adui wa tamthilia hiyo haonyeshwi uso. Anakuja kwenye nyumba ya watu, anasimama nje, anawapa mgongo, anaongea taratibu, kwa adabu, kama jirani aliyekuja kuomba moto. Nilipouona ule mgongo, miguu ikanitoa nje bila kuniuliza.

Binti yangu mkubwa akasema, "Baba kaogopa."

Nikamjibu kwamba nakwenda kuangalia lori.

"Lori si liko gereji tangu juzi, baba?"

Mama yao alicheka mpaka akashika mbavu.

Sasa nyie wa rika langu mnaonijua, mnajua kwamba mimi si mtu wa kuogopa. Nimeanza na toroli pale stendi ya Korogwe, nabeba mizigo ya akina mama walioshuka na ndizi kutoka Kwashemshi. Darasa la saba nimelimaliza kwa rehema ya mwalimu. Leo nina malori, nina duka la vifaa vya ujenzi hapo Manundu, nina nyumba ya wageni ambayo kila chumba kina maji ndani, na waliosoma mpaka wakavaa joho wanakuja kuomba kazi kwangu, nami nawapa. Nimeshusha mbao kutoka Vugiri katika mvua, breki zimekufa, utingo wangu analia na kutaja majina ya ndugu zake wote, mimi nimeshika usukani naimba. Hiyo haikunitisha. Mgongo wa mtu ndio ulionitoa sebuleni.

Nilikwenda kukaa stoo nyuma ya duka. Kule mwisho kabisa kuna magunia ya zamani, yale ya katani yenyewe, siyo hii mifuko ya plastiki ya siku hizi. Nayahifadhi tu, hayana kazi. Gunia la katani lililowahi kukaa mahindi lina harufu yake: vumbi, kamba mbichi, na kitu kama jasho la mtu mwingine. Nikaisikia harufu hiyo nikiwa bado nahema, nikajua nilichokimbia.

Nilikua hapo hapo Manundu, kwenye chumba kimoja na mama yangu, aliyekuwa akiuza vitumbua. Nyuma yetu alikuwepo kinyozi, na kinyozi huyo ndiye aliyekuwa na runinga, ndogo, isiyo na rangi, iliyotumia betri ya gari. Kiingilio chetu watoto kilikuwa kufagia nywele za wateja. Tukishamaliza tunakaa chini kwenye saruji, shingo juu, nywele za watu zimetunasa miguuni, tunasubiri.

Kulikuwa na tamthilia moja ambayo watu wazima walitaka tutoke inapoanza, nasi hatukutoka. Steringi wake, yule shujaa, simkumbuki hata sura. Lakini adui namkumbuka, ingawa sura ndiyo hasa hakuwa nayo. Sisi tulimwita Mgongo. Alivaa koti refu, alisimama nje ya nyumba ya watu akitazama njia aliyojia, na kusema maneno yale yale: "Siingii, napita tu." Kisha anaacha mkate kizingitini. Hakupiga mtu. Hakuwa na kisu wala bunduki. Ila aliyekula ule mkate, juma linalofuata utamwona anaamka mwenyewe, anavaa viatu mwenyewe, anamfuata. Anaondoka bila kuburutwa, anafunga mlango nyuma yake vizuri kabisa, na katika nyumba ile hatajwi tena.

Wanaotengeneza tamthilia wangekuja kuniuliza mimi, ningewafundisha bure. Damu haitishi. Damu unaizoea, mtoto anayeishi karibu na machinjio anaizoea. Kelele nazo hazitishi, ukishajua anayepiga kelele yuko wapi umeshapona nusu. Kinachotisha ni mtu mwenye adabu ambaye hujui anataka nini. Na zaidi ya hapo kuna jambo moja ambalo kinyozi hakuwa nalo katika runinga yake, nikalijua baadaye: kinachotisha kabisa ni pale watu wanaokupenda wanapokuwa wanamfahamu, na hawakuambii ni nani.

Mama yangu aliugua mvua za vuli zilipoanza. Hakuugua sana. Nasema hakuugua sana kwa sababu aliendelea kukaanga vitumbua, akawa anakaa chini kati ya kundi moja na jingine, na siku moja akakaa chini hakuinuka. Tulimpeleka kuzikwa kwao upande wa Handeni, kijiji kilicho mbele ya Sindeni, kwa bibi yangu mzaa mama. Nilikuwa na umri wa kuweza kubeba ndoo ndogo lakini siyo kubwa.

Siku ya mazishi, wanaume walipoinua jeneza, bibi alitoka akasimama mlangoni kumtazama mwanawe kwa mara ya mwisho. Watu wote waligeuka kumtazama bibi. Mtu mmoja tu aligeukia porini. Alikuwa amesimama mbali na wenzake, karibu na mihogo, amevaa koti katika joto lile, na bibi alipotokea tu, aligeuka haraka kama mtu aliyeungua, akatupa mgongo mpaka bibi aliporudi ndani. Hakuna aliyemuuliza kitu. Wazee walimpita kama wanavyopita kisiki.

Nikasema moyoni, amekuja. Kumbe hakai ndani ya runinga.

Nilibaki kwa bibi. Bibi yangu alikuwa mcheshi, na kwetu mnajua utani wa bibi na mjukuu. Aliniita mume wangu. Nikichelewa kuamka husema mume huyu mvivu nimepewa na nani, kesho naolewa na mwenye ng'ombe. Nikiangusha maji husema nitarudi kwetu. Hata katika msiba ule alijikaza kunitania, usiku tukilala kitanda kimoja cha kamba, ananigusa kichwa kuhakikisha nipo.

Kisha siku ya mnada, mchana kweupe, jua limesimama, nikasikia baiskeli inaegeshwa na sauti ya mwanamume ikisema hodi. Bibi alikuwa uani anatwanga. Aliuacha mchi ukaanguka, akaingia ndani mbio, akajibanza nyuma ya mlango. Nilichungulia kwenye ufa wa ukuta wa udongo. Alikuwa yeye. Koti lile. Amesimama kando ya ghala, mgongo kwetu, anatazama njia.

Na bibi yangu, mwanamke mwenye akili zake, akaanza kuongea na kinu.

"Kinu," akasema, "mwambie mgeni tumeamka salama."

"Nashukuru," ile sauti ikasema. "Mtoto hajambo?"

"Kinu, mwambie mtoto hajambo."

"Hana homa?"

"Kinu, mwambie hana."

 Kisha akasema, "Siingii, napita tu," akafungua kamba, gunia likashuka chini kwa kishindo, baiskeli ikaondoka. Hakugeuka hata mara moja. Kinu kilikuwa pale uani kimekaa na mahindi yake nusu, na mimi nikakitazama kwa muda mrefu, nikisubiri kama kitaongea.

Wewe unayesoma, kama umezaliwa kwetu, umeshaelewa zamani na labda unacheka. Mwanamume hatazamani na mama wa mke wake. Akimwona njiani anaingia porini. Hali mbele yake, haingii nyumba anamolala, hasemi naye ila kwa kupitia mtu au kitu, na jina lake halitajwi nyumbani humo mpaka zifanyike taratibu za kufunguana, achinjwe mbuzi, wazee waseme sasa basi. Kwa huyu taratibu hizo hazikuwahi kufanyika. Kila mwaka zilisogezwa, mara ukame, mara msiba, halafu mama akahamia Korogwe na mimi mgongoni, yeye akaenda kwenye mashamba ya mkonge mbali huko. Hiyo ndiyo heshima, na ni heshima kubwa. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa Manundu. Elimu yangu yote kuhusu watu wanaowapa wenzao mgongo niliipata kwa kinyozi.

Nilimuuliza bibi yule ni nani.

"Yupi?"

"Aliyeleta gunia."

"Gunia limekuja," bibi akasema. "Utakula."

Hakuniita mume wake siku hiyo. Hilo ndilo lililonimaliza. Kama angesema ni jini, au mwizi, au mjomba, ningejua pa kumweka. Lakini aligeuza uso na kuanza kupepeta, mahindi yanaruka nje ya ungo. Bibi yangu, aliyewahi kumfukuza nyoka kwa mwiko, alikuwa anaogopa.

Nikaamua sitakula.

Msidhani ilikuwa rahisi. Mwaka ule Handeni jua lilikuwa limeua mashamba, na gunia lile ndilo lililokuwa chakula cha nyumba. Ugali ukiwekwa, nilikata tonge, nikalizungusha kwenye mboga, nikalipeleka mpaka mdomoni, nikasema bibi kuna mtu anaita nje, na tonge likaishia kwenye shati. Baadaye nawapa kuku. Nilikula mboga peke yake. Nilikula ukwaju mpaka meno yakashindwa kugusana. Kuku wakanenepa, wakawa wananifuata kila niendako, nikawaza na hao nao wameshakuwa wa kwake, maana wanafuata bila kuitwa.

Aliyeniokoa kwa siku zile ni mama mmoja wa Kimasai. Boma lao halikuwa mbali, na asubuhi alipita na vibuyu vya maziwa akielekea barabarani. Aliniona nimekaa njiani nimejikunyata, akanimiminia kwenye kifuniko bila kuuliza. Kesho yake nilikuwa pale pale. Hatukuelewana lugha sana. Alinishika mkono akaupima kwa vidole vyake, akatikisa kichwa. Maziwa yake hayakutoka kwa Mgongo, nilimwona ng'ombe kwa macho yangu. Nikanywa.

Na yule mtu akawa anakuja, kila mnada. Sasa nilikwisha kujua mwendo wa baiskeli yake, mnyororo wake ulikuwa unagonga mahali fulani, ka, ka, ka, na nikiusikia tangu mbali nakimbilia ule ufa wa ukuta. Hodi. Bibi anakimbilia mlango. Kinu kinaambiwa. Mtoto hajambo? Kila mara aliuliza mtoto, hakuuliza kitu kingine, wala hakuuliza bibi anaendeleaje na miguu yake iliyokuwa ikimsumbua. Mara moja alileta sukari na kaptula. Kaptula ilinitosha sawasawa. Nilikaa naitazama, nikijiuliza ameupata wapi urefu wangu mtu ambaye hajawahi kunitazama.

Siku nyingine alisema jambo jipya. Alisema, "Kinu, mwulize mama, mtoto akishazoea, itakuwaje?"

 Kinu hakikuambiwa kitu. Mtu yule alisubiri, akisimama kwa mguu mmoja na kuhamia mwingine, kisha akasema siingii, napita tu, akaenda. Jioni ile bibi alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Nikajua zamu yangu imefika. Juma linalofuata nitaamka mwenyewe, nitavaa ile kaptula mwenyewe, nitafunga mlango vizuri.

Wamasai walihama. Malisho yalikwisha, wakaswaga ng'ombe kuelekea kwenye maji, na asubuhi moja nilikaa njiani mpaka jua likapanda, na hakuna mtu aliyepita na kibuyu. Siku ya kwanza nilivumilia kwa maji. Siku ya pili niliingia kwenye ile mihogo karibu na kaburi la mama, nikachimba kwa kijiti, nikamenya kwa meno, nikala mbichi. Nilikuwa nimeona watu wengi wakila muhogo mbichi Korogwe, sokoni, mtu anatembea anatafuna. Mtoto wa mjini sikujua kwamba kuna muhogo wa kutafuna, na kuna muhogo mchungu unaolimwa kwa sababu nguruwe pori hawauwezi, ambao lazima umenywe, uanikwe mpaka uwe makopa, ndipo utwangwe. Ulikuwa mchungu kweli. Nikauona uchungu wake ni afadhali kuliko ugali wa mtu.

Nilifika nyumbani nikishika miti. Kichwa kilikuwa kinazunguka, moyo unapiga hodi ndani ya masikio. Nilitapika kizingitini, nikaanguka hapo. Bibi aliona vipande vya muhogo katika matapishi akajua mara moja. Alinivuta ndani, akaniingiza vidole kooni, akanimwagia maji, akaanza kuita majirani. Lakini ilikuwa siku ya mnada, na kijiji chote kilikuwa mnadani. Aliita mpaka sauti ikapasuka. Miguu yake haikuweza kumbeba yeye mwenyewe mpaka barabarani, sembuse yeye na mimi.

Ndipo nikasikia ka, ka, ka.

Nilijaribu kuinuka nikimbie. Mikono haikuwepo. Nililala hapo sakafuni nikisikia baiskeli inaegeshwa, hodi inapigwa, na nikajua kwamba nimefanya ujanja wote wa dunia na bado amenipata.

Bibi alikwenda mlangoni. Nilimwona akifungua mdomo kukiita kinu, akaufunga. Akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena:

"Ingia."

Nje baiskeli iliyumba, ikagonga ghala.

"Mama," ile sauti ikasema, "siwezi."

"Mtoto kala muhogo mchungu. Mtoto anakufa, na wewe umesimama hapo unanipa mgongo. Ingia."

Aliingia kinyumenyume. Naapa, aliingia kwa mgongo, anapapasa kwa mikono, akajigonga kwenye nguzo ya mlango, akakanyaga ungo, anakuja kwangu na lile koti, mgongo unakua, unakua, unajaza nyumba, na mimi sina hata sauti ya kulia. Na bibi yangu akachukua kanga yake ya msiba, akajifunika kichwa chote na uso wote, akageukia ukutani, akawa kama mzigo uliofungwa.

"Sikuoni," akasema toka ndani ya kanga. "Geuka umchukue."

Akageuka.

Nimeona tamthilia nyingi tangu siku hiyo, na zote zinakosea hapo. Wakishamficha adui wao miezi na miezi, siku ya kumfunua wanamwekea kovu, au jicho moja, au meno. Huyu hakuwa na kovu. Alikuwa na masikio yaliyosimama kama vishikio vya sufuria, kama yangu haya ambayo watu wa stendi wamenitania nayo maisha yangu yote. Jasho lilikuwa linamchuruzika puani.  Niliutazama uso huo nikitafuta ubaya ulipo, na kitu pekee nilichokiona ni kwamba mtu huyu anaogopa kuliko mimi. Aliniogopa mimi. Aliogopa kunigusa, kisha akanigusa.

Mengine nayakumbuka vipande vipande. Bibi alitoa kanga ya pili kwa mkono bila kugeuka, nikafungwa nayo mgongoni, nyuma ya lile koti, mashavu yangu yamelala kwenye harufu ya katani. Baiskeli ilikwenda kama haijawahi kukanyagwa. Alikuwa anazungumza njia nzima, na hakuzungumza nami, alizungumza na baiskeli, anaibembeleza, twende mama, twende, hapo kwenye mchanga usinitupe. Zahanati walinitundikia maji. Niliamka nikamwona amekaa kwenye benchi nje ya dirisha, koti limekunjwa mapajani, anatazama mlango wa mganga. Hakuondoka hapo mpaka waliponiruhusu.

Bibi alikuja kunieleza sehemu yake miaka mingi baadaye, nilipokwisha kuwa na lori langu la kwanza, nikamkalisha mbele tukiteremka nalo Korogwe, amejifunga kilemba kipya, anawapungia watu mkono kama mke wa mkuu wa mkoa. Alisema aliwaona kuku walivyonenepa. Alijua. Alikuwa anaona matonge yanavyoingia kwenye shati, akanyamaza.

"Nilisema moyoni, mtoto akimchukia hatamfuata," bibi akasema. "Nimeshazika mmoja. Wa pili nisingempa mtu."

 Nilibadilisha gia. Nilikuwa nimekaa miaka yote nikidhani kwamba katika nyumba ile mimi peke yangu nilikuwa nasubiri nani atachukuliwa. Kumbe tulikuwa wawili, tumelala kitanda kimoja, kila mtu na hofu yake, na mtu mwenyewe tunayemwogopa amelala chini ya mti huko mnadani, naye anaogopa kwamba mtoto hatamzoea.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile tuliyotoka zahanati, alinirudisha kwa bibi kwa baiskeli, safari hii taratibu. Alipofika alinishusha, akaenda kusimama pale pale kando ya ghala, akatazama njia. Mkono wake ulikuwa bado umeshika baiskeli. Hakusema hodi. Hakusema anapita. Nilisimama katikati ya ua, sijui niende upande gani.

Bibi alikuwa amekaa ndani nyuma ya mlango. Ugali ulikuwa umeiva, ugali wa gunia lile, na pembeni yake amechinja kuku, mmoja wa wale wanene. Nguo zangu alikuwa amezifunga kwenye kitambaa, na kaptula ile iko juu. Niliona ule mzigo nikaelewa kwamba ameshaamua, na kwamba hakuna atakayeniuliza.

Aliniita karibu. Alinishika kidevu, akanitazama masikio.

"Leo kinu kimechoka," akasema. "Utakwenda wewe. Mwambie baba yako aingie ale. Njia ya Korogwe ni ndefu, na mjukuu wangu hasafiri na mtu mwenye njaa."

Hapo ndipo nililisikia neno 'baba' kwa mara ya kwanza likisemwa kuhusu mtu wangu mimi, aliye hai. Nilitoka nje. Nilitembea mpaka nyuma yake, nikasimama. Koti lilikuwa na tundu karibu na bega, na vumbi la barabara, na alama ya matapishi yangu ambayo hakuwa ameiosha vizuri. Bado nilikuwa naogopa, nisiwadanganye. Mtu haachi kuogopa kwa sababu ameambiwa jina. 

"Baba," nikasema.

Hakugeuka mara moja. Mabega yake yalipanda, yakashuka.

"Naam," akaitika, kama mtoto anayeitwa na mkubwa wake.